Usimsugue Mama wa Maji

— Pumzi ni yangu! Mtu hawezi kunibebea pumzi kwa mfuko kama sukumawiki ya jioni!

— Si ulipuliza mwenyewe, Injinia? Nani alikushika mdomo?

— Nilipuliza nikidhani itarudishwa!

— Irudishwe vipi? Uimeze tena?

Hivyo ndivyo Kilonzo na Warigia walivyokuwa wakikwaruzana asubuhi ile ya mwezi wa saba, Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, mlangoni kwa Mukonyo, mahali ambapo kuna ubao mmoja juu ya mawe mawili ya mjengo na watu huuita ubao huo "base". Ukungu ulikuwa umeteremka hadi kwenye mabati, na mtu akipita ulimwona miguu kwanza, kisha kiuno, kisha akawa mtu. Mukonyo alikuwa amechutama mbele ya jiko, birika kubwa la kahawa likichemka na kutoa harufu ya tangawizi. Kando ya mlango, kwenye pembe ambayo jua halijawahi kuifikia, kulikuwa na mtungi wa udongo wenye kifuniko cha mbao na kikombe cha bati kilichofungwa kwa kamba. Kahawa ya Mukonyo ilikuwa ya kununua. Maji ya mtungi yalikuwa ya bure. Mtu akishamaliza kikombe chake kichungu, alichota maji baridi akanywa, na hayo waliyaita maji ya kuzima.

Kilonzo aliitwa Injinia kwa sababu alikuwa fundi wa mabomba. Warigia alikuwa mwanamke wa kuuza viatu vya mitumba, na aliitwa Jaji kwa sababu alitoa hukumu hata kwa kesi ambazo hakuna aliyempelekea. Wa tatu kwenye ubao alikuwa Mwas, kijana wa bodaboda, aliyeitwa Gugo. Ungemuuliza jambo lolote, angepapasa simu yake iliyopasuka kioo na kukujibu, na hakuwahi kusema hajui.

— Gugo, hebu sema wewe, Jaji alisema. Yule msichana wa mifuko anatafuta nini kwa pumzi za watu?

— Anatafuta Echi Pailori.

— Huyo ni nani?

— Ni mdudu. Anakaa kwa tumbo.

— Pairoli?

— Pailori, Jaji. Ulimi wako ndio unamgeuza.

— Hata akiitwa Parole! Mimi nauliza, hiyo Echi ni jina la babake? Ni wa wapi? Maana jina la baba ndilo hukuonyesha mtu ametoka upande gani.

Injinia alicheka hadi kahawa ikamwagika gotini. Mukonyo hakucheka. Sikio lake moja lilikuwa kwenye base, lingine ndani ya nyumba, kwenye kitanda. Kitanda kile kilikuwa na lugha yake. Kikilia mara moja, Nzioki alikuwa amegeuka tu. Kikilia kwa kurudiarudia, moto wa tumbo ulikuwa umempanda na alikuwa amekunja magoti hadi kifuani.

Nzioki, mumewe, alikuwa mvunja mawe kwenye machimbo, mtu wa kubeba jiwe peke yake pale wenzake walipoliogopa wawili. Ugonjwa ulipomshika mara ya kwanza, hospitali walimpa vidonge vya rangi tatu, akavimeza vyote, akapimwa, wakamwambia mdudu hayupo. Alirudi kazini, akala mahindi yake ya muthokoi, akaimba akioga. Haukupita muda mrefu, moto ukarudi. Akapewa vidonge vingine, vikali zaidi. Akapona tena, na moto ukarudi tena. Watu wa mtaa wakaanza kusema kwamba ugonjwa wa Nzioki unajua mlango.

Na wapo waliosema zaidi ya hapo. Walisema ukoo wake una tumbo. Mamake, Syombua, alikufa kwa tumbo kule Yatta. Mamake Syombua naye, tumbo. Walitamka neno hilo kama mtu anayetaja shamba la urithi.

Majuzi yule msichana, Becky, alikuwa amekuja na wenzake wa chuo. Waliwanywesha watu kitu kichachu, wakawaambia wangoje kidogo, kisha kila mmoja akapuliza ndani ya mfuko wake. Nzioki alipuliza akiwa ameegemea mlango. Becky alichota maji ya kioski kwenye chupa ndogo, akachota na ya mtungi kwenye chupa nyingine, akasema angerudi Alhamisi na majibu. Leo ilikuwa Alhamisi.

— Mimi najua huyo mdudu anakotoka, Injinia alisema, akishusha sauti kama mtu anayeuza kitu cha magendo. Maji yakifungwa, bomba linabaki tupu. Bomba tupu haliwezi kukaa hivyo tu. Linavuta pumzi.

— Bomba lina mapafu?

— Jaji, nisikize. Mimi nimeyafungua. Linavuta chochote kilicho karibu kupitia nyufa, taka, maji ya choo, kila kitu. Siku moja nilifungua bomba hapo chini, nikaweka sikio. Nikasikia watu wanaongea. Wanaongea polepole, kama watu wa matanga. Kwa bomba! Ndiyo maana wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Walimaanisha lazima uweke mita.

— Wahenga hawakuwa na mita, Injinia, Jaji alisema. Na mabomba hayana hatia. Hatia iko Membley, kwa matajiri. Mimi nimefua Membley, nyumba yenye geti mbili. Jikoni kuna mashine ya kuchuja maji, inalia kama paka. Nikamuuliza mama wa nyumba, hivyo vidudu mkishavichuja vinaenda wapi? Akanionyesha nguo za kufua. Sasa niambieni. Wao wanapata maji, na machujo anapata nani?

— Machujo hayawezi kupanda kutoka Ruiru hadi Thika, Jaji.

— Kitu kikitafuta maskini hakijali mlima.

Gugo alikuwa amemaliza kusoma. Aliinua kichwa, na Mukonyo aliona kwamba kijana hana mzaha usoni.

— Wazee, hii kitu iko na maneno. Wanasema ikiwa kwa tumbo inakuwa kama kizibuo, inajipinda ikitoboa. Lakini ikiingia kwa maji baridi inajikunja. Inakuwa duara, kama nukta. Inalala. Daktari akiiweka kwa sahani ya kupimia, haioti. Anaandika hakuna kitu. Na bado iko hapo.

— Imekufa, basi.

— Hapo ndipo hata wenyewe hawajui. Inaweza kuwa imekufa. Inaweza kuwa inangoja.

Ukungu ulisogea, ukameza kioski cha maji kilichokuwa ng'ambo ya njia, pamoja na mitungi ya plastiki ya manjano iliyopangwa foleni bila wenyewe.

— Inangoja nini? Jaji aliuliza.

— Tumbo.

— Ngai fafa!

— Na hizo pumzi, Gugo aliendelea, sasa akipata moto wake wa kawaida, hizo ni biashara. Kuna simu za kufunguliwa kwa uso, si ndiyo? Za kesho zitafunguliwa kwa pumzi. Mwenye pumzi yako atakopa kwa jina lako ukiwa umelala.

— Niliwaambia! Injinia aliruka kutoka kwenye ubao, na Jaji alibaki amening'inia upande wa pili. Nirudishiwe pumzi yangu!

— Keti, utaniangusha! Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo maana mimi huwaambia wateja wafue viatu kwanza.

— Methali hiyo inahusu kunguni.

— Viatu havina kunguni?

Injinia aliketi, akaweka mkono chini ya kifua na kukunja uso. Akatoa kipande cha mshubiri mfukoni, akakitafuna na uchungu wake. Jaji naye alikuwa akisaga odowa, lile jiwe jeupe la kuliwa, kwa meno ya nyuma, kama alivyofanya kila asubuhi. Gugo alikuwa amechana pakiti ya unga wa kutuliza kiungulia na kuumwaga ulimini. Mukonyo alikuwa ameyaona haya kila siku kwa muda mrefu, akayachukulia kuwa tabia za watu, kama vile mtu fulani hukuna sikio na mwingine hupiga miayo.

Mtungi ukatoa sauti.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyemeza mate ndani ya kiza. Kiputo kilikuwa kimepanda kutoka chini, kikapasuka, na kifuniko cha mbao kikatikisika kidogo.

— Shemeji, Injinia alisema polepole. Mtungi wako umefanya nini?

— Ni udongo, Mukonyo alijibu. Udongo hupumua.

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo Nzioki alivyomwambia. Mtungi ulikuwa wa mamake, na kabla ya hapo wa nyanyake. Baada ya mazishi ya Syombua, ndugu walichukua mbuzi, wakachukua mabati. Nzioki alichukua mtungi peke yake, akaupakata kutoka Yatta hadi Thika kama mtoto mgonjwa. Ulipofika, alimwita mkewe akamfunulia. Ndani, kuanzia shingoni hadi chini, mtungi ulikuwa umevaa ngozi laini, ya kijani iliyoelekea weusi, yenye utelezi.

— Huyu anaitwa mama wa maji, Nzioki alikuwa amemwambia. Ndiye anayeyafanya baridi na matamu. Mama alisema mtungi husuuzwa, hausuguliwi. Usimsugue mama wa maji.

Mukonyo alikuwa ameshika amri hiyo. Siku moja tu, akisuuza, kidole chake kiligusa ile ngozi kwa bahati mbaya. Ilibonyea, kisha ikarudi mahali pake, kama upande wa ndani wa shavu la mtu aliye hai. Alitoa mkono haraka na kuufuta kwa kanga. Hakumwambia mumewe.

Miguu ikatokea kwenye ukungu. Viatu vya raba vyeupe vyenye matope, kisha sketi, kisha mkoba. Alikuwa Becky.

— Habari zenu wazee wangu. Habari mama.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Injinia alisema. Umekuja na pumzi yangu?

— Pumzi yako sikuitaka, baba, Becky alisema, na hakutabasamu. Mlipokunywa ile dawa ya kipimo, kama mdudu yuko ndani, anaila. Akiila, anatoa hewa yake. Hewa hiyo inapita kwa damu, inatoka kwa mdomo wako pamoja na pumzi yako. Kwa mfuko ule sikutafuta pumzi yako. Nilitafuta yake.

Injinia alifunga mdomo. Aliufunga kabisa, kama mtu anayehofia kwamba mwingine angeongea kutoka humo.

— Nzioki? Mukonyo aliuliza.

— Mdudu yuko, mama. Amerudi.

Kitanda kililia ndani. Mara moja.

— Na maji?

Becky alikaa mwisho wa ubao, akapangusa umande usoni.

— Tuliyaweka yote kwa sahani. Ya kioski, hakuna kilichoota. Ya mtungi, hakuna kilichoota.

— Si niliwaambia? Jaji alisema. Mtungi wa watu ni msafi. Hukumu imetoka.

— Ngoja, mama. Kuna kipimo kingine. Hicho hakitafuti mdudu, kinatafuta nyayo zake. Kitu kidogo ambacho mdudu huyo tu ndiye anacho, akipita anakiacha. Ya kioski, hatukuona nyayo. Ya mtungi, tuliona.

— Nyayo ndani ya maji? Injinia alinong'ona.

— Ndani ya maji. Na sitawadanganya. Nyayo si mtu mwenyewe. Inaweza kuwa alipita akafa. Inaweza kuwa amejikunja amelala. Kipimo hakiwezi kuniambia. Wengine husema maji hayamsambazi sana, ni mikono na midomo. Wengine husema anajificha kwa utelezi ulio ndani ya vyombo, hapo dawa na jua havimfikii. Mtu mwenye mdudu anachota, anaacha kidogo. Mwingine anachota, anachukua kidogo.

— Kahawa yangu inachemka, Mukonyo alisema. Inachemka hadi inaruka.

— Kahawa haina shida, mama. Ningeinywa hata sasa. Mnakunywa nini baada ya kahawa?

Wote watatu waligeuza macho wakatazama kikombe cha bati. Kilikuwa kikizunguka polepole mwisho wa kamba yake, ingawa hakukuwa na upepo.

— Maji ya kifuu bahari ya chungu, Gugo alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kuonekana hajashtuka. Si wahenga walisema? Chungu ni huo. Bahari yake ndiyo hiyo.

— Chungu hapo ni mdudu mdogo anayetembea, Becky alimwambia.

Gugo alirudi kupapasa simu yake.

— Heri ungekiacha kiwe kile cha kupikia, Jaji alisema.

Becky aliinuka. Alikuwa na milango mingine ya kubisha. Alimwambia Mukonyo kwamba Nzioki arudi hospitali akapewe dawa ya aina nyingine, na kwamba maji ya kunywa yachemshwe, yatiwe kwenye chombo cha bomba ambacho mkono hauingii. Kisha akawatazama waliokaa kwenye ubao, mmoja mmoja, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

— Nyinyi mnaokunywa hapa kila siku. Ni nani kati yenu haumwi tumbo?

Lilikuwa swali la mtoto wa chekechea. Injinia alitazama mshubiri uliokuwa mkononi mwake. Jaji aliacha kusaga, jiwe likiwa bado katikati ya meno. Gugo alikunja ile pakiti tupu, akaikunja tena, ikawa ndogo kama nukta. Hata simu hakuigusa.

Mukonyo naye alingoja mmoja wao aseme. Alitaka sana mmoja aseme, mimi siumwi. Kisha akamkumbuka binti yake. Asubuhi ile Ndanu alikuwa ameamka kwenda shule, akachota kikombe cha maji ya mtungi, akanywa. Alipokuwa akifunga viatu alikuwa ameinama kwa muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.

— Nini wewe? Mukonyo alikuwa amemuuliza.

— Moto kidogo tu, mama. Kama wa baba.

Na yeye, mama mzazi, alikuwa amemwambia achote kingine azime.

Mukonyo alimsimulia Becky, naye akasema angerudi jioni, Ndanu akiwa ametoka shule, amletee mfuko apulize. Kisha kiuno chake kikaingia kwenye ukungu, kisha miguu.

Mukonyo alisimama. Alifungua kamba ya kikombe. Akaukumbatia mtungi, akauinamisha, na maji yakaanza kutoka, baridi hata wale walioketi waliinua miguu.

— Shemeji, Injinia alisema. Hiyo ni mali ya marehemu. Muulize Nzioki kwanza. Damu nzito kuliko maji.

— Ndiyo ninayoiokoa.

— Mama Ndanu, usiguse kitu ulichokatazwa na mtu aliye kaburini, Jaji alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya hakimu. Mimi nitakupa ndoo. Ndoo mpya. Huo uuweke tu kando.

— Nikiuweka kando, Nzioki atauchota. Unamjua.

Alichukua waya wa kusugulia sufuria. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, hadi karibu na bega, shavu lake likiwa kwenye mdomo wa mtungi kama mtu anayesikiliza siri. Ndani kulikuwa na baridi isiyolingana na jiko lililokuwa hatua chache tu kutoka pale. Alisugua. Mara ya kwanza ile ngozi ilishikilia. Alisugua tena, machozi yakimtoka bila yeye kujua kama ni ya moshi. Kisha kitu kikaachia, chote kwa pamoja, na alipouinamisha mtungi kilitoka kizima, kama kondo la nyuma la ng'ombe, kikaanguka matopeni. Kikalala pale kikitetemeka.

Hakuna aliyekikaribia. Harufu yake haikuwa mbaya. Ilikuwa harufu ya mvua ya kwanza, na hilo ndilo lililowatisha.

— Mathe, Gugo alisema. Niongezee kahawa.

Mukonyo aliinua birika kutoka kwenye jiko. Lilikuwa bado linachemka. Hakuelekea kwenye kikombe cha Gugo. Alisimama juu ya mtungi na kumimina yote, nyeusi, ikifuka, hadi tone la mwisho, akitaka moto uingie kila mahali ambapo waya haukufika.

Mtungi uliguta. Kisha ukapasuka, kutoka mdomoni hadi kitakoni, kwa mlio mmoja mkavu kama tawi. Vipande viwili vikalala kila kimoja upande wake, na kahawa ikatambaa chini ya ubao, ikapita kati ya miguu yao, ikaenda kuzunguka kile kitu kilicholala matopeni.

— Wuu, Injinia alisema. Wuu.

Ndani, kitanda kililia. Kililia mara moja, kikanyamaza, na badala ya kulia tena zikasikika nyayo zikija polepole kwenye sakafu ya udongo. Mukonyo alibaki na birika tupu mkononi. Aliwaza kuvificha vipande.

Mlango ulifunguka. Nzioki alikuwa amejifunga blanketi, amekonda hata shingo yake ilionekana ya mtu mwingine. Macho yake yalikuwa bado ya usingizi, yakitazama ukungu juu ya vichwa vyao wote, si chini. Mkononi alikuwa na kikombe.

— Mukonyo, nimeota mama amekuja kuchukua mtungi wake. Nichotee maji kabla hajafika.